Mtoto Aliyesema Hana Furaha ya Krismasi

Mpendwa mama, je, umewahi kumwuliza mtoto wako, siku mbili tatu kabla ya Krismasi, kama amefurahi, naye akakujibu kwamba hapana? Sisi tuliwahi kujibiwa hivyo, na namna tulivyompokea mtoto yule haikuwa nzuri. Aliyetusaidia kurekebisha kosa letu hakuwa mchungaji wala mshauri wa ndoa. Ilikuwa ni filamu fupi ya katuni.

Ilikuwa Desemba, katika miaka ya tisini. Mwezi wa tisa wa mwaka ule tulikuwa tumemzika bibi yao watoto, mama mzaa baba, ambaye aliishi nasi kwa miaka mingi. Lakini sikukuu haingoji matanga. Nguo za watoto zilikuwa zimekwisha kushonwa, mchele wa pilau umo ndani, na tawi la mvinje limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga pembeni mwa sebule. Kijana wetu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Tulipomwuliza ana nini, alisema, "Mama, mimi sioni raha ya Krismasi."

Tukamjibu kama wazazi wengi tunavyojibu. "Huna shukrani wewe! Nguo umeshonewa, viatu umenunuliwa, wenzako hawana hata kandambili. Sasa unataka nini tena?" Akanyamaza. Nasi tukadhani kwamba tumemfunza adabu.

Jioni ile jirani yetu alituazima kanda ya video, ambayo ndugu yake aliyesoma Marekani alikuwa amerudi nayo. Watoto wetu na wa majirani walijazana mkekani mbele ya televisheni, na binti yetu mkubwa akachukua kazi ya kuwatafsiria wadogo Kiingereza. Dakika chache tu baada ya kanda kuanza, alionekana mtoto mwenye kichwa cha mviringo, ameegemea ukuta mfupi penye theluji. Alikuwa anamwambia rafiki yake kwamba lazima ana kasoro fulani, kwa maana Krismasi inakuja lakini yeye hana furaha. Binti alipotafsiri maneno hayo, kijana wetu aliinuka, akasogea mbele karibu kabisa na kioo cha televisheni.

"Huyo kama mimi," alisema.

Hatukumjibu. Tulitazamana tu, baba na mama.

Hadithi yenyewe

Filamu hiyo inaitwa A Charlie Brown Christmas. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 9 Desemba 1965 katika televisheni ya CBS, na haifiki hata nusu saa. Tangu wakati huo tumeitazama mara nyingi, na sasa tunaitazama na wajukuu. Kwa wale ambao hawajaiona, au waliiona zamani wakaisahau, hebu tuikumbushe kwa ufupi.

Charlie Brown anapenda zawadi, kadi na miti ya Krismasi, lakini moyo wake ni mzito. Anakwenda kumweleza shida zake Lucy, msichana mjuaji ambaye amefungua kibanda cha ushauri na kutoza senti tano. Lucy anamwambia ajishughulishe, na anampa kazi ya kuongoza mchezo wa Krismasi ambao watoto wataigiza. Kila anakopita Charlie Brown anakutana na jambo la kumvunja moyo. Mbwa wake, Snoopy, anakipamba kibanda chake kwa taa ili ashinde fedha katika mashindano. Dada yake mdogo, Sally, anamwomba amwandikie barua kwa Baba Krismasi. Barua yenyewe ina orodha ndefu ya vitu, na mwishoni anasema kwamba kama orodha ni ngumu mno, basi aletewe fedha taslimu.

Mazoezi ya mchezo nayo hayaendi. Watoto wanacheza muziki, wanabishana, hakuna anayemsikiliza mwongozaji. Mwisho Charlie Brown anatumwa akanunue mti wa Krismasi. Wenzake wanataka mti mkubwa wa alumini unaong'aa, maana miti ya namna hiyo ilikuwa mtindo huko Marekani katika miaka ile. Sokoni, katikati ya miti mikubwa ya rangi, yeye anaona kimti kidogo cha kweli, chembamba, kinachopukutisha majani. Anakihurumia, anakileta. Wenzake wanamcheka mpaka basi. Ndipo anapopaza sauti kwa uchungu na kuuliza kama hakuna hata mtu mmoja anayejua maana ya Krismasi.

Hapo rafiki yake Linus anasema kwamba yeye anajua. Linus ni mtoto ambaye kila aendako huburuta blanketi lake, wala hawezi kutulia bila hilo. Anatembea mpaka katikati ya jukwaa, anaomba taa, kisha anasimulia kwa moyo habari ya wachungaji na malaika kutoka Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 8 hadi wa 14. Hakuna muziki wakati anasema, wala mtoto mwenzake anayemkatiza. Akimaliza, anaokota blanketi lake na kurudi kwa Charlie Brown kumwambia kwamba hiyo ndiyo maana yake.

Hadithi haiishii hapo. Charlie Brown anakichukua kimti chake, anakitundikia pambo moja, nacho kinainama mpaka chini. Anadhani amekiua, anaondoka akiwa amevunjika moyo. Nyuma yake wenzake wanafika. Linus anasema kwamba kimti kile hakikuwa kibaya kamwe, kilihitaji kupendwa kidogo tu, na analizungusha blanketi lake kwenye shina. Watoto wanachukua mapambo ya kibanda cha Snoopy na kukipamba kimti. Charlie Brown anaporudi anakikuta kimependeza, na wote wanaimba.

Watu waliodhani wameshindwa

Tulipokuwa watu wazima zaidi tulisoma namna filamu hii ilivyotengenezwa, na tukaipenda zaidi.

Mtunzi wake alikuwa Charles Schulz, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Minneapolis. Baba yake alikuwa kinyozi, na kama tujuavyo kwa wasomaji wa katuni zake, baba yake Charlie Brown naye ni kinyozi. Mwaka 1943, Schulz akiwa kijana wa miaka 20 ambaye ndiyo kwanza ameingia jeshini, mama yake alifariki kwa saratani. Aliporudi kutoka vitani alifanya kazi ya kuchora, na tarehe 2 Oktoba 1950 katuni yake ya Peanuts ilianza kuchapishwa katika magazeti saba. Alikuwa pia mtu wa kanisa, na kwa kipindi fulani alifundisha Biblia darasa la watu wazima katika kanisa la Methodist huko Sebastopol, California.

Mwaka 1965 mtayarishaji Lee Mendelson alipigiwa simu kuulizwa kama anaweza kutoa kipindi cha Krismasi chenye watoto wa Schulz. Mdhamini angekuwa kampuni ya Coca-Cola. Ndiyo, msomaji, filamu inayolalamikia biashara ya Krismasi ililipiwa na wauzaji wa soda! Tunalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linatukumbusha kwamba hakuna kati yetu aliye nje kabisa ya soko la Desemba. Mendelson alikubali, kisha ndipo akampigia Schulz kumwambia. Muda wao ulikuwa miezi michache tu. Walimchukua Bill Melendez kuwa mwongozaji wa katuni, ambaye pia ndiye aliyetoa milio ya Snoopy, na mpiga kinanda wa jazi, Vince Guaraldi, kutunga muziki.

Sauti ni za watoto wenyewe. Christopher Shea, aliyemsemea Linus, alikuwa na miaka saba. Kathy Steinberg, aliyemsemea Sally, alikuwa mdogo mno asiyeweza bado kusoma, hivyo alitajiwa maneno kipande kwa kipande naye akayarudia. Ukisikiliza vizuri utasikia maneno yake yanavyokatika. Waimbaji nao walikuwa watoto wa kwaya ya kanisa moja la San Rafael, California, na hapa na pale sauti zinapishana, kama zinavyopishana za watoto wetu wa Sunday school siku ya mkesha.

Katika siku zile vipindi vingi vya kuchekesha vya Marekani viliwekewa vicheko vya kurekodiwa, ili mtazamaji ajue acheke wapi. Schulz alikataa kabisa. Na alipotaka Linus asome Injili, wenzake walisita. Melendez alimwonya kwamba Biblia haijazoeleka katika filamu za katuni. Schulz aliwajibu kwa swali: wasipofanya wao, atafanya nani?

Siku chache kabla ya kuonyeshwa, wakubwa wa televisheni waliitazama, na hawakuipenda. Waliiona inakwenda polepole mno, na muziki wa jazi waliona haufai. Mendelson na Melendez wenyewe waliogopa kwamba wamemharibu Charlie Brown. Ni mchoraji mmoja tu, Ed Levitt, aliyesimama na kuwaambia kwamba filamu hii itaonyeshwa miaka mia. Iliponyeshwa, karibu nusu ya watu waliokuwa wakitazama televisheni Marekani saa ile waliitazama. Ilipata tuzo ya Emmy na ya Peabody. CBS iliirudia kila mwaka hadi 2000, ikahamia ABC kuanzia 2001 hadi 2019, na tangu 2020 inapatikana katika huduma ya Apple kwa njia ya intaneti. Schulz hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki usiku wa tarehe 12 Februari 2000, na kesho yake asubuhi magazeti yakatoka na katuni yake ya mwisho ya Jumapili, ambamo aliwaaga wasomaji.

Ni nini tulichokiona sisi akina mama?

Filamu za watoto ni nyingi. Zipo zilizochorwa kwa ufundi kuliko hii, na zipo zinazochekesha zaidi. Kwa nini basi hii imekaa moyoni mwetu?

Kwanza, inamruhusu mtoto kusema kwamba ana huzuni. Sisi wazazi tuna tabia ya kuihesabu huzuni ya mtoto kama deni. Tunamtajia mchele, viatu na ada ya shule, kana kwamba mtoto aliyelishwa amekwisha kupokea kila kitu. Lakini Charlie Brown hakuwa mtoto asiye na shukrani. Alikuwa mtoto mkweli. Alijua kwamba ndani yake pana kitu kimepungua, na akatafuta mtu wa kumweleza. Tazama ni wangapi waliomjibu vibaya kabla hajapata aliyemsikia: mmoja alimtoza senti tano na kumpa kazi, wengine wakamcheka. Tulipoitazama filamu kwa mara ya pili tulijiuliza: sisi nyumbani kwetu ni nani kati ya hao?

Pili, jibu linatoka kwa mtoto mwenzake, tena mtoto mwenye udhaifu unaojulikana na wote. Hebu mtazame Linus kwa makini anapofika mahali ambapo malaika anawaambia wachungaji wasiogope. Papo hapo mkono wake unafunguka na blanketi linaanguka chini. Hakuna anayesema lolote juu ya jambo hilo. Ni rahisi kulipita, sisi wenyewe tulilipita miaka mingi mpaka mjukuu alipotuonyesha. Mtoto asiyeachana na blanketi lake hata kwa kupigwa ameliachia mwenyewe, kwa sababu kwa dakika ile hana hofu. Akimaliza analiokota tena. Hili nalo tunalipenda. Linus hakupona siku moja. Nasi tusiwadai watoto wetu wawe majasiri leo na kesho pia. Aliyelala gizani bila kulia usiku mmoja, mshukuru Mungu kwa usiku huo.

Tatu, lile blanketi aliloliokota ndilo analokuja kulifunga kwenye shina la kimti kinachoanguka. Kile alichokitumia kujituliza yeye mwenyewe, anakitumia kumtegemeza mwingine. Akina mama, hapa hatuna la kuongeza. Kila mmoja wetu anajua ni mara ngapi amemfunika mtoto kwa khanga aliyokuwa amejifunika mwenyewe.

Usiku ule

Turudi kwa kijana wetu. Kanda ilipokwisha, watoto wa majirani walikwenda kwao na wadogo wakalala. Yeye alibaki mkekani. Safari hii tulikaa chini karibu naye, na hatukumtajia viatu. Tulimwuliza tu, "Kwa nini huoni raha, baba?"

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Tangu tumzike bibi, hakuna anayemtaja. Mnapika, mnashona, kama hakuwapo."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumekubaliana, baba na mama, kutomtaja bibi mbele ya watoto ili tusiwaharibie sikukuu. Tulidhani tunawalinda. Kumbe tulimwacha mtoto abebe msiba peke yake, naye alikuwa ndiye aliyelala chumba kimoja na bibi, ndiye aliyemletea maji ya kunawa kila asubuhi. Na tukamwita asiye na shukrani.

Tulimwomba radhi. Si jambo rahisi kwa mzazi wa kwetu kumwomba radhi mtoto wa miaka minane, na baba yake alisafisha koo mara mbili kabla ya kuanza. Lakini alilisema. Kisha tukalia wote watatu. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya chakula, tulimtaja bibi kwa jina katika sala, na kila mtoto akasimulia jambo moja analokumbuka. Mmoja alikumbuka namna alivyowaficha wasichapwe, mwingine namna alivyoimba tenzi kwa kukosea maneno. Tulicheka mpaka pilau likapoa. Kijana wetu alikula sahani mbili.

Leo yeye ni baba wa watoto wawili. Desemba iliyopita walikuja kututembelea, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitafuta filamu ile kwenye simu yake ili wanawe waitazame. Kanda yetu ilikwisha kuliwa na ukungu siku nyingi, na deki haipo tena. Alipofika mahali pa yule mtoto aliyeegemea ukuta, aliisimamisha kidogo, akamgeukia binti yake mdogo na kumwuliza, "Je, wewe unajisikiaje?"

Kwa msomaji wetu

Mwezi huo ukifika, kila mmoja wetu atakuwa na shughuli nyingi. Kuna cherehani zinazongoja, wageni wa kutoka shamba, na bei ya mchele ambayo haijawahi kushuka Desemba. Hatukuombi uache hayo, maana watoto wanapenda nguo mpya na sisi tunapenda kuwaona wamependeza. Tunakuomba nusu saa tu. Kama una namna ya kuipata filamu hii, itazame pamoja na watoto, usiwaachie wao ili wewe upate nafasi ya jikoni. Kama huna, wasimulie kama tulivyokusimulia, au fungua Luka sura ya 2 na umpe mtoto mmoja aisome, hata kama anasoma kwa kukwama. Usimsahihishe kila neno.

Halafu mwulize kila mtoto moyo wake ukoje, na umwache amalize kusema. Huenda utasikia jambo dogo, kama vile kugombana na rafiki. Huenda utasikia jambo kubwa ambalo mlikubaliana kulinyamazia. Kwa vyovyote vile usimjibu kwa kumtajia viatu. Kimti kinachopukutika hakikusimama kwa kukemewa.